Kioo Kwenye Ufa wa Ngazi

Mama Chokaa aliichuja chokaa mara mbili kwa kipande cha pazia kuukuu, akatia chumvi ngumi moja, akakoroga kwa mti mpaka ikawa nyepesi kama maziwa yaliyoongezwa maji. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa nne wanunuzi wangekuja kuiona nyumba, na kabla ya hapo ukuta wote wa ngazi, kuanzia uani mpaka ghorofa ya pili, ulitakiwa uwe mweupe.

Alijipaka mafuta ya kupikia kutoka vidoleni hadi viwikoni, maana chokaa haina urafiki na ngozi, hata ngozi ya mtu anayekula kwa chokaa. Kazi hii alikuwa ameifanya miaka kumi na minane pamoja na mumewe, na miwili peke yake tangu amzike. Jina alilopewa na wazazi wake mtaani walishalisahau. Walilijua wawili tu, Mungu na mama mkwe wake, na mama mkwe naye alimwita mkwe.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe, kuta zake unene wa mkono mzima, ghorofa mbili juu ya chini, vyumba tisa, familia saba. Mlangoni kulikuwa na kibao cha shaba kilichosema kwamba jengo hili ni la kihistoria na kwamba hairuhusiwi kubadili, kuongeza wala kuondoa chochote bila kibali cha Ofisi ya Majengo ya Kale. Karibu kila siku walipita wageni wenye kamera shingoni. Wangepiga picha ya kibao, kisha picha ya nguo zilizoanikwa barazani, halafu wangeuliza kama ni kweli kuna watu wanaishi humu.

Jana jioni alikuja dalali. Watu walimwita Tabasamu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amefunga midomo. Alipita mlango kwa mlango, anatoa amri kwa sauti ya mtu anayegawa peremende. Nguo zisianikwe. Majiko yatolewe kwenye ujia. Watu wote wawe nje kuanzia saa tatu mpaka saa sita, watoto na wakubwa, kwa sababu mnunuzi anapenda kuona nyumba, hapendi kuona vyombo. Fundi saa wa ghorofa ya kwanza, ambaye meza yake ya kazi iko dirishani, aliuliza na yeye aende wapi na saa za watu. Tabasamu akamwambia atembee mtaani, ni mtaa wa kihistoria, watu hupanda ndege kuja kuuona.

"Sawa," fundi saa alisema. "Ila historia ya nyumba hii ni sisi. Na historia imeambiwa itoke nje mpaka saa sita."

Kwa Mama Chokaa, Tabasamu aliketi kabisa, akakubali na maji ya kunywa. Alimweleza kwamba nyumba ikiuzwa wapangaji wote watapewa siku thelathini. Lakini mnunuzi atahitaji mtu wa kuangalia nyumba, mtu mwaminifu, anayezijua kuta hizi. Chumba cha nyuma pale uani kingebaki chake yeye na bibi, bila kodi. Kazi ilikuwa ndogo: apake ngazi ing'ae, inukie upya, na vile vioo vilivyobandikwa kwenye ufa wa ukuta avitoe.

Mama Chokaa alifungua mdomo kumwambia kwamba kama anataka chokaa ionekane nyeupe saa nne, ilifaa ipakwe jana, si leo. Tabasamu alimkatiza. Alitaka ipakwe asubuhi ileile, mnunuzi akute harufu ya usafi puani. Alikuwa amezoea rangi za dukani, zile za kopo, ambazo ukipitisha brashi unaiona rangi yako hapohapo. Mama Chokaa alijaribu tena. Akakatizwa tena. Mara ya tatu hakujaribu.

Alikubali kwa sababu hakuwa na pa kumpeleka mama mkwe. Mwaka huu kodi zilikuwa zimepanda mara mbili mtaa mzima, tangu magazeti yaanze kuandika juu ya uzuri wa mtaa huu, na kule pembeni mwa mji wenye nyumba walitaka kodi ya miezi sita mkononi. Hata angeipata, alishafukuzwa milango mitatu mara tu aliposema kwamba anakuja na mzee asiyetembea. Mwenye nyumba mmoja alimweleza bila aibu: mgonjwa wa kitandani huleta msiba, msiba huleta watu, na watu huchafua choo.

Basi asubuhi hii, kabla ya kugusa ndoo, alichukua kisu cha jikoni akaenda kutoa vioo.

Vilikuwa sita, vimepangana kufuata ufa unaopanda na ngazi. Miaka saba iliyopita ufa ule ulikuwa mwembamba kama unywele. Mumewe aliuona kwanza, akaenda Ofisi ya Majengo ya Kale kuomba kibali cha kuuziba na kuufunga ukuta kwa vyuma. Afisa aliyekuwa akishughulikia mtaa wao alitembea na mhuri mfukoni, na watu walimwita kwa jina hilohilo, Mhuri. Alimwambia alete barua. Akaleta. Akaambiwa alete mchoro wa mhandisi. Akauchangisha kwa wapangaji, akauleta. Akaambiwa sasa barua ya mwenye nyumba. Wenye nyumba walikuwa warithi kumi na mmoja, wametawanyika nchi za mbali, na barua kwao zilikwenda bila kurudi. Wakati anangoja, mvua ikaanza kumvujia mama yake kitandani. Akapigilia bati moja juu ya dari kwa misumari minne. Mhuri akamtoza faini kwa kuharibu jengo la kihistoria.

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," fundi saa alisema siku ile. "Bahati yao, walikufa kabla ya kibali."

Mafundi wa kuta, wakikatazwa kuutibu ufa, huupima. Unachukua kipande chembamba cha kioo, unakilaza juu ya ufa kama daraja, ncha zote mbili unazishika kwa saruji. Kioo hakivutiki wala hakipindi. Ukuta ukitulia, kitabaki kizima miaka. Ukuta ukisogea hata unene wa ukucha, kinakatika. Mumewe alibandika vitano kwa nyakati mbalimbali, na kando ya kila kimoja aliandika kwa mkaa tarehe ya kukibandika, kisha tarehe ya kukikuta kimekatika. Alipofariki, mkewe aliendelea. Kila tarehe moja ya mwezi, akishamaliza sala ya asubuhi, alipanda ngazi na kurunzi akavikagua. Cha sita alikibandika mwenyewe karibu miezi mitatu iliyopita, juu kabisa, pale ufa unapopinda kuingia chumbani kwao.

Alianza chini. Vitano vya marehemu vilikuwa vimekatika zamani, vikatoka kirahisi. Alivifunga kwenye kitambaa. Alipofika cha sita aliinua kurunzi, akasimama.

Tarehe moja kilikuwa kizima. Leo ilikuwa tarehe kumi na tisa.

"Mkwe," mama mkwe aliita kutoka kitandani. Mlango ulikuwa wazi. "Mbona kimya? Nilisikia kisu, sasa sisikii kisu."

"Natoa kioo cha juu, mama."

"Kizima?"

"Kimekatika."

Mama mkwe aligeuza uso ukutani. Kitanda chake kiliegemea ukuta uleule, upande wa ndani, kwa sababu upande wa pili dari lilivuja. "Huku ukuta, kule mvua," alisema. "Haya, nichagulie."

Mama Chokaa alikitoa kioo, akakiweka pamoja na vingine. Tarehe za mkaa zilibaki ukutani, mwandiko wa mumewe uliolala kama unataka kupumzika, na chini yake wa kwake. Aliulowesha ukuta kwa maji, maana chokaa haishiki mahali pakavu, kisha akachukua brashi ya katani akaanza kupaka kutoka juu kushuka chini, Mungu nisamehe, Mungu nisamehe, kila brashi.

Asiyeijua chokaa angedhani anapaka maji machafu. Ikiwa mbichi haionyeshi kitu. Unauona ukuta wa chini yake kama unavyoona sufuria chini ya maji. Weupe wake huja baadaye, taratibu, kadiri inavyokauka, na kama hewa ni nzito kama ya leo huchukua nusu siku na zaidi. Ndiyo maana waliojenga nyumba hii walikuwa watu wa subira.

Saa mbili na nusu wapangaji walianza kutoka. Walipita na vikapu, watoto, cherehani, mtoto mchanga, sufuria ya uji iliyofunikwa. Fundi saa alibeba sanduku lake la saa, akamwambia Mama Chokaa kwamba anakwenda kutalii. Jirani mmoja alimtazama vibaya bila kusalimia. Habari ya chumba cha uani ilikuwa imeshamfikia kila mtu.

Tabasamu alifika saa tatu kasoro, kwapani amebeba fremu kubwa yenye kioo. Ndani yake kulikuwa na cheti cha Ofisi ya Majengo ya Kale: jengo hili limekaguliwa na kuonekana imara. Tarehe ya ukaguzi ilikuwa wiki iliyopita. Wiki iliyopita Mama Chokaa hakutoka nyumbani hata siku moja, kwa sababu ya homa ya mama mkwe, na hakuna aliyepanda ngazi zaidi ya watu wanaolala humu. Tabasamu alichagua mahali juu ya kizingiti cha ujia, akaomba nyundo. Mama Chokaa alimwambia kwamba lipu hii ya zamani haishiki msumari mtupu, lazima utoboe, utie kijiti kwanza. Tabasamu alipigilia. Unga wa chokaa ulimmwagikia begani, akaupangusa, akatundika cheti.

Kisha akapanda ngazi.

"Mama, umepaka au umelowesha?"

"Nimepaka. Ikika—"

"Michoro yote naiona. Ufa nauona. Mpaka tarehe nazisoma. Paka tena."

Mama Chokaa alimtazama. Kupaka tena juu ya mbichi ni kuongeza maji juu ya maji, kukauka kutachelewa zaidi. Fundi yeyote angemwambia. Alikuwa na neno mdomoni, akalimeza, kwa kuwa tangu jana alikuwa akifundishwa kunyamaza. Akapaka tena. Saa tatu na nusu Tabasamu alirudi, akashika kiuno, akasema bado, ongeza. Akaongeza. Ukuta ukang'aa kama umetoka kuoga, na tarehe zikaonekana nyeusi zaidi kuliko zilivyokuwa ukuta ukiwa mkavu.

Wanunuzi walifika saa nne kamili. Mama Chokaa alikuwa ametarajia watu wa gari refu na miwani myeusi. Waliingia mume na mke wa makamo, viatu vyao vya kutembelea, mke ameshika mkoba kifuani kwa mikono miwili kama watu wanavyoshika mkoba wenye kila kitu chao. Alikuwa muuguzi, amestaafu mwaka jana. Mumewe alikuwa dereva wa malori. Walitaka kununua nyumba kwa kiinua mgongo chao wote wawili, waishi juu, na chini wapangishe vyumba kwa wale wageni wa kamera. Nyuma yao alikuja Mhuri, jalada mkononi, anahema kwa sababu ya kilima kifupi cha mtaa.

Tabasamu alifunguka. Kisima cha uani, alisema, kilichimbwa na mfanyabiashara aliyekuwa na majahazi arubaini. Chumba cha chini kulia alilala balozi. Mama Chokaa, akiosha brashi pembeni, alijua kwamba chumba kile kilikuwa ghala la ngozi, na siku za mvua ngozi bado zilinuka. Dereva aliamini yote. Alipima vyumba kwa hatua, akapapasa nguzo, akasimama katikati ya ua akatazama juu kwenye mraba wa mbingu, akacheka peke yake kwa furaha. Hapo ndipo moyo wa Mama Chokaa ulipoanza kuuma. Tajiri akidanganywa hununua nyingine. Hawa walikuwa na hii tu.

Muuguzi hakutazama juu. Alihesabu mabeseni yaliyopangwa ukutani, saba.

"Watu wa humu wako wapi?"

Tabasamu alisema wako njiani kuhama.

"Na mabeseni yanawasubiri?"

Alicheka, akawaelekeza kwenye ngazi. Walipanda, Mhuri nyuma, Mama Chokaa nyuma yake na kitambaa cha kufuta matone, kwa sababu ndivyo alivyoagizwa. Karibu na juu muuguzi alisimama ghafla hata Mhuri akamgonga. Alisogeza uso ukutani. Akavaa miwani. Alisoma kimyakimya, kidole chake kikifuata tarehe bila kuzigusa, kutoka ya chini kwenda ya juu, kisha akarudi chini akasoma tena.

Dereva aliuliza anatazama nini.

"Chati," alisema. "Miaka thelathini na moja nimeziandika, kwenye kitanda cha mgonjwa. Hii ni chati ya mtu anayezidiwa. Angalia: hapa alikaa miaka miwili. Hapa mwaka. Hapa miezi minane. Ya juu hii haina ya mwisho."

"Watoto wa humu hao," Tabasamu alisema. "Wakipata mkaa, basi."

"Watoto wa nyumba hii wanazijua tarehe." Muuguzi aligeuka, akamtazama Mama Chokaa, mafuta mikononi, chokaa kwenye nyusi. "Dada yangu, wewe ndiye uliyepaka. Hizi ni nini?"

Nyuma ya bega la muuguzi, Tabasamu alikuwa akitabasamu. Mkono wake, usawa wa paja, ulionyesha kidole chini, kule uani, kwenye chumba cha nyuma. Chumba kikavu, kisicho na ngazi. Mama Chokaa alikuwa ameshakipima kwa macho: kitanda cha mama kingekaa hivi, jiko lingekaa hivi. Neno moja lilitosha, tena si lake, lilishasemwa. Watoto. Alihitaji tu kutikisa kichwa.

Kutoka chumbani kitanda kililia kidogo. Mama mkwe alikuwa amejigeuza kusikiliza.

"Ni tarehe za ukuta kusogea," Mama Chokaa alisema. "Marehemu mume wangu alikuwa anaupima kwa vioo. Nami napima. Cha mwisho kimekatika mwezi huu, hakijatimiza miezi mitatu. Vioo vyenyewe nimeambiwa nivitoe, viko kwenye kitambaa kule chini. Ukitaka nitakuonyesha."

Dereva alikuwa ameegemea ukuta kwa kiganja. Alikiondoa, akakitazama, kimelowa, kimeacha alama ukutani.

Muuguzi alimgeukia Mhuri, akamuuliza kwa adabu kama hayo yalikuwemo katika ukaguzi wake. Mhuri alifungua jalada. Alieleza kwamba cheti hutolewa kwa mujibu wa jalada, na jalada la nyumba hii halina taarifa yoyote ya ufa. Barua za fundi mmoja zilikuwemo, lakini hazikukamilika.

"Na jalada limewahi kupanda ngazi hii?" muuguzi aliuliza.

Mhuri alisema utaratibu hausemi hivyo.

Muuguzi aliomba kuingia kumsalimia mwenye chumba. Alimwamkia mama mkwe shikamoo, akashika mkono wake, kwa mazoea vidole vikaenda kwenye mshipa. Aliupapasa ukuta wa kitandani, akatazama dari lenye bati. Akamwambia Mama Chokaa taratibu kwamba kitanda kile kihamishwe leo, si kesho. Mama mkwe akasema wamwambie basi na mvua ihame. Muuguzi alicheka kidogo, macho yakamlowa. Mlangoni alimwambia Mama Chokaa, "Umetuokoa na kaburi tulilokuwa tunalinunua wenyewe. Mungu akulipe." Kisha akamshika mumewe mkono, wakashuka, na dereva hakutazama tena mraba wa mbingu. Mama Chokaa hakuwalaumu. Walikuwa wamekuja kununua nyumba, hawakuja kununua matatizo ya familia saba.

Walipokwisha kutoka, Mhuri alifungua kalamu. Alimwuliza Mama Chokaa jina lake kamili, na ilibidi alitaje mara mbili, lilimtoka kama la mtu mwingine. Aliandika kosa la kwanza: kuandika kwenye ukuta wa jengo la kihistoria bila kibali. La pili: kubandika vitu. La tatu: kubandua vitu. Ushahidi ulikuwa maneno yake mwenyewe, yaliyosikiwa na watu wanne. Adhabu yake ilikuwa kuondoka katika jengo ndani ya siku saba, yeye na wote wanaoishi chini yake.

"Wanaoishi chini yangu ni mama wa marehemu," Mama Chokaa alisema. "Hatembei."

Mhuri aliandika.

"Na msumari ule wa pale ujiani? Mume wangu alitozwa kwa misumari minne."

Mhuri alitazama kule alikoonyesha. "Ule ni wa cheti," alisema, akapiga mhuri, akapuliza wino ukauke.

Tabasamu alikuwa amefunga midomo. Bila tabasamu uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa, uso wa mtu aliyechoka mwenye watoto wa shule. Alimwambia kwamba Jumamosi wanakuja wengine, kampuni, watu ambao hawapandi ngazi wala hawasomi kuta, na Jumamosi chokaa yako itakuwa imekauka, mama, hata ufa wako wenyewe hutauona. Alisema Mama Chokaa angeweza kuwa ameshahamia uani sasa hivi. Akatoka, akaubamiza mlango mkubwa nyuma yake.

Nyumba ilitetemeka kidogo, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Ule msumari ukachomoka na kipande cha lipu. Fremu ikadondoka kifudifudi, kioo kikatawanyika mpaka kwenye viatu vya Mhuri. Akavikung'uta. Akaokota cheti, akakikunja jaladani, akamwambia Mama Chokaa afagie.

Saa sita wapangaji walirudi. Habari iliwafikia kabla ya vikapu kutua. Jirani aliyemtazama vibaya asubuhi alisimama mbele yake, akamchukulia ndoo. Fundi saa aliuliza wamenunuliwa siku ngapi.

"Mpaka Jumamosi," Mama Chokaa alisema. "Mimi nina saba."

"Basi wewe umetupita. Una zaidi yetu." Lakini hakucheka. Aliweka sanduku la saa chini, akapanda naye, na vijana wawili wa ghorofa ya kwanza, wakakiinua kitanda na mama mkwe juu yake, wakakiweka katikati ya chumba, mbali na ukuta, nusu hatua kutoka pale dari linapovuja. Waliweka beseni pembeni. Mama mkwe alisema sasa anaonekana kama maiti inayoagwa, wampe angalau mto mzuri.

Alasiri ukuta ulianza kuwa mweupe. Weupe ulianzia juu, karibu na dirisha, ukashuka ngazi taratibu. Tarehe ya kwanza kufifia ilikuwa ile ya kioo cha sita. Kisha za marehemu, moja baada ya nyingine, mwandiko wake uliolala ukawa kijivu, ukawa kivuli, ukaisha. Mama Chokaa alikaa kwenye ngazi akatazama. Kazi ilikuwa nzuri, hakuweza kuikana. Ufa wenyewe ulijaa maziwa, ukafunga macho. Mtu angeweza kupanda hapa Jumamosi na asione kitu.

Alishuka ujiani, akachukua ufagio. Vipande vya kioo alivisukuma pamoja, akachuchumaa akavichagua. Kimoja kilikuwa kirefu, chembamba, kimenyooka, upana wa vidole viwili. Alikifuta kwa upindo wa kanga. Katika kopo la mumewe kulikuwa na saruji iliyobaki, vijiko vitatu hivi. Aliikoroga kwa maji kidogo, akapanda.

Alikibandika juu kabisa, pale ufa unapoingia chumbani, akakishika kwa vidole mpaka saruji ikaanza kukaza. Kisha akachukua mkaa. Weupe mpya ulipokea mkaa vizuri kuliko ule wa zamani. Aliandika tarehe ya leo. Akasimama, akaitazama peke yake pale juu, haina ndugu.

"Mama," aliita kupitia mlangoni. "Kile cha kwanza kabisa alikibandika lini?"

Mama mkwe aliitaja tarehe hapohapo, siku na mwezi na mwaka. Na siku kilipokatika. Akaendelea na cha pili bila kuulizwa. Miaka saba alikuwa amelala upande wa pili wa tarehe zile, kila walipoziandika walimtangazia, na hakuwa na jingine la kuhesabu. Mama Chokaa alishuka ngazi, akaanza chini, akapanda nazo, akiandika herufi kubwa kuliko alizoandika mumewe, kubwa za kusomwa na mtu asiye na miwani, hata na mtu anayepita haraka na kamera. Wapangaji walikaa chini uani wakimsikiliza bibi akitaja na mkaa ukikwaruza.

Alipofika juu mikono ilikuwa inamuwasha, mafuta yalishakwisha zamani.

"Umeandika ya leo?" mama mkwe aliuliza.

"Nimeandika."

"Na saa. Andika na saa."

Fundi saa aliitaja kutoka uani: saa kumi na moja na dakika nane. Mama Chokaa akaiandika.